Mtoto wa Mgongoni

Kama uso wako umejaa ghafla na kila unayekutana naye anakusifu kwamba umenawiri, keti hapa kidogo tuzungumze. Mimi naitwa Somoe, fundi cherehani wa Kilwa Kivinje, na sifa hizo nilizila mpaka nikavimbiwa. Habari za tezi na homoni sitazieleza kwa undani, waliozisomea wapo. Nitakueleza jinsi nilivyoishi na maradhi haya, yalivyonigeuza mwili na nyumba, na jinsi nilivyokaribia kuyalea kama mwanangu wa kumzaa.

Ila hutanielewa kama sijaanza na shanga.

Huku kwetu msichana akichezwa unyago, somo wake humkabidhi nyuzi mbili za shanga, moja nyekundu na moja nyeupe, za kwenda nazo kwa mume. Siku za hedhi mke hutundika nyekundu ukutani, mchagoni mwa kitanda. Akishajitwaharisha hutundika nyeupe. Hapasemwi neno. Mume akiingia chumbani hutupa jicho ukutani akajua la kufanya. "Mdomo una haya," somo wangu aliniambia, "shanga hazina." Nilizipenda shanga zile. Baada ya kuolewa na Salumu nikaanza kuzichukia nyekundu, maana mwaka ulikwenda, ukaja mwingine, na mwingine, na kila mwezi nilizitundika. Salumu akiziona alikuwa anapiga mluzi mdogo, kama mtu aliyekuta duka limefungwa, kisha anatoka kwenda kwenye mashamba ya chumvi anakofanya kazi. Hakuwahi kunisema. Mama yake, Bi Esha, ambaye tunakaa naye nyumba moja, naye hakusema. Alichukua fagio. Mlango wangu ukiwa wazi na wekundu ukionekana, ua ulifagiliwa siku hiyo mpaka mizizi ya mlimau ikabaki nje. Mimi aliniita mke wa Salumu. Jina langu sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Kisha ukaja msimu mmoja wa korosho, na shanga nyekundu hazikutoka mkobani. Nyeupe zikabaki ukutani mwezi huo, na uliofuata, na uliofuata, mpaka buibui akatanda nyumba yake pale. Sikumwambia mtu. Sikuwa na haja. Asubuhi moja nilipotoka kunawa nilimkuta Bi Esha ameketi mlangoni kwangu na bakuli la uji wa mchele, wenye tui na sukari nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kunywa, mke wa Salumu. Unywe wote."

Ua haukufagiliwa kwa hasira tena. Nilikunywa uji ule nikiwa nimesimama, na machozi yakaniingia puani, kwa furaha.

Na uso ulikuwa umeshaanza kujaa. Ulijaa mviringo, mashavu mekundu na laini, mpaka macho yakawa yanachungulia. Wateja waliokuja barazani kwangu na vitambaa vyao walinisifu. "Fundi, Salumu anakutunza!" "Fundi, umenawiri, tupe na sisi siri." Tumbo likafuata. Nilijishonea madera mapana, nikayafurahia. Lakini fundi haachi kupima, na futi yangu ilikuwa inaniambia mambo yasiyokaa sawa. Kiuno kilipanuka wiki hadi wiki, huku mkono ukipungua, na paja likipungua. Mjamzito nimeshashonea wengi, hanenepi hivyo. Nilikuwa nafanana na wale ng'ombe wanaotengenezwa na watoto, kiazi kimoja kikubwa kimechomekwa vijiti vinne. Nikajiambia kila mimba na tabia yake.

Miguu ndiyo iliyosema ukweli mapema. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na ikafika mahali nikishona pindo la gauni moja tu mapaja yanatetemeka, nasimama kupumzika. Kwenye swala nikishasujudu nilikuwa siwezi kuinuka bila kushika kiti. Mtoto wa jirani akinigusa kwa mchezo, mkononi panabaki doa la damu iliyovilia, la kukaa wiki nzima. Tumboni ikatokea michirizi mipana yenye rangi ya zambarau zilizoiva. Usiku usingizi ulinikimbia kabisa, ukawa unakuja mchana, mzito, jua likiwa kali na mji umenyamaza. Na katika usingizi huo wa mchana ndimo alimoanza kuja.

Lakini nimeruka. Kabla hajaja tulikwenda hospitali kupima utrasaundi, mimi na Bi Esha, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi na wajawazito wenye vitenge vizuri. Nilijiona mmoja wao, tukapeana nafasi, tukaulizana miezi. Nilipolala kitandani, nesi akanipaka yale mafuta ya baridi, akasukuma kile kidude huku, akasukuma kule, akarudia. Akaniuliza kwa upole mara ya mwisho kuona siku zangu ilikuwa lini. Kisha akasema tumbo la uzazi ni safi, halina kitu.

"Halina kitu vipi?" Bi Esha alisimama. "Na tumbo hili ni la nini, la ugali?"

"Mama, aende kwa daktari, kuna kitu kingine. Lakini mimba hakuna."

Kwa daktari hatukwenda. Tulirudi nyumbani kimya, na ule ukimya ndio ulioniuma kuliko yote. Nililala kifudifudi mkekani, Bi Esha akaja nyuma yangu na mafuta ya nazi kunikanda, maana mgongo ulikuwa unaniuma kila siku. Mkono wake ukapanda mpaka chini ya shingo, ukasimama. Ukaminya. Palikuwa na nundu pale, laini, ya kujaa kiganja, ambayo mimi sikuwahi kuiona kwa sababu nani anajiona kisogoni?

"Salumu!" Bi Esha aliita. "Salumu, njoo! Mtoto huyu hapa! Mimba imepanda mgongoni!"

Wewe wa mbali unaweza kucheka. Kwetu, hilo ni jambo linalojulikana. Husemwa kwamba mimba inaweza kuudhika, au kufanyiwa hila, ikaacha tumbo na kupanda mgongoni, ikakaa huko mwaka, ikakaa miaka, mpaka apatikane mjuzi wa kuishusha. Kila mtaa una mwanamke wake aliyebeba hivyo. Bi Esha alikuwa na hoja ambayo mpaka leo naiona ina akili: "Kipimo kimetazama mbele. Hakikutazama nyuma. Utamwona vipi mtu aliye uani kama umepiga hodi barazani?"

Na mimi niliamini, nakwambia kweli. Niliamini kwa mwili mzima, kwa sababu baada ya benchi lile na safari ile ya kimya, nilipewa mtoto wangu tena.

Nilimwita Riziki, jina la siri. Kila nikisinzia mchana alikuja, amenikumbatia shingoni kwa nyuma kama watoto wanavyobebwa, na pumzi yake ya moto kisogoni. Tulikuwa tunatembea kwenye mashamba ya chumvi anakofanya kazi baba yake, mahali peupe pasipo na mti wala kivuli, na nyayo zangu zilikuwa hazitoi sauti. Nilikuwa namsimulia habari za mji. Nikigeuka nimtazame uso, naye anageuka pamoja na mgongo, basi simwoni. Nilikuwa naamka nimetokwa na jasho, mkono uko kwenye nundu, najisikia mtu mwenye heri. Siku hizo nilishona vigauni vidogo, nikavificha chini ya mapande ya vitambaa. Bi Esha naye alichana kanga zake za zamani akakata nepi, akazifua, akazianua, akazitia mfukoni.

Tulikwenda mpaka Sudi, kusini mwa Lindi, kwa mwanamke aliyesifika kwa kushusha mimba za mgongo. Nilidhani nitamkuta bibi kizee. Nilimkuta mama wa makamo anayeuza barafu, simu yake inaita kasida kila saa. Alinikanda mgongo vizuri sana, sina la kumlaumu kwa hilo. Alinifunga kaniki kiunoni na kifuani, akaniagiza nisiivue, nisinyanyue kizito, na kubwa zaidi, mgongo wangu usiguswe na chuma. "Ukiguswa na chuma," alisema akihesabu barafu zake, "humpati."

Nikarudi Kivinje na kaniki yangu, masika yakaingia, na hali ikawa mbaya.

Nywele za kichwani zilipukutika, zikaota kidevuni. Bi Esha alisema hiyo ni dalili ya mtoto wa kiume, nami nikacheka kweli, kwa sababu ndani kwangu Riziki alikuwa wa kike. Kidonda kidogo cha sindano hakikupona. Na tabia yangu ikageuka. Mimi ni mtu wa utani, muulize yeyote. Nikawa mtu wa kufoka, nalia kwa ajili ya chumvi ya mchuzi, na mchana mmoja Salumu aliponiuliza tu kama nimekula, nilimrushia mkasi. Ulimkosa, ukachoma mlango. Aliuchomoa, akauweka mezani taratibu, akahamia kulala chumba cha uani. Wenye maradhi haya nawaambia: siyo ninyi. Nilipata kulijua hilo baadaye sana, na nilitamani mtu angeniambia mapema.

Mwishoni mwa masika nilianguka barazani na kitambaa cha mteja mkononi. Salumu hakumuuliza mtu. Alinipeleka Lindi hospitali ya mkoa, presha ikakutwa juu, na sukari juu. Nesi aliyetaka kunikagua aliniona nashikilia kaniki yangu. "Vua, dada, mficha uchi hazai," akasema kwa utani tu, wa watu wote. Nikavua, nikaja kuifunga tena baadaye, huku nikijiambia moyoni kwamba methali hiyo nayo sasa itazamwe upya, maana mimi kutaka kuzaa ndiko kulikonifikisha hapa.

Daktari wa pale, kijana, alitazama michirizi ya tumbo, akatazama nundu, akakaa. Aliniomba picha yangu ya zamani. Nilimpa simu ya Salumu, picha ya siku ya harusi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

Aliiangalia picha, akaniangalia. Salumu naye akaichukua akaiangalia, na nikaona kwamba alikuwa ameisahau sura ile kama mimi nilivyoisahau. Nilikuwa na shingo ndefu. Daktari akasema twende Dar es Salaam bila kukawia.

Dar tulifikia Temeke kwa binamu yake Salumu, na Bi Esha akaja pamoja nasi, na mfuko wake wa nepi. "Mtoto hana saa," alisema. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kukusanya mkojo wa siku nzima kwenye dumu, na dumu likae penye baridi. Mke wa binamu alilitazama dumu, akalitazama friji lake, akasema samahani shemeji. Nikanunuliwa barafu, dumu likakaa kwenye beseni bafuni, na kila aliyeingia kuoga alilisalimia. Ukipewa dumu hilo usione haya. Beba kama chupa ya asali.

Halafu mabenchi. Kliniki ile ilikuwa na benchi refu la rangi ya samawati lililopauka kwa kukaliwa na watu, na feni moja inayozunguka pole pole hata huoni inamfaa nani. Nilikuwa nasinzia pale, natoka, narudi. Nikifumbua macho namkuta Mama Leokadia, mama wa Kimakonde kutoka uwanda wa juu, mwenye rovu shingoni, anamenya korosho za kuchoma. Kila aliponiona nimeamka alinipa moja kiganjani. Alinifanyia hivyo wiki zote tulizokutana. Siku moja aliniuliza, "Wewe una nini, mwanangu?" Nikamwambia nina mtoto mgongoni. Hakucheka wala hakushangaa. "Hata mimi rovu hili waliniambia ni mdogo wangu marehemu amenikaba," alisema. "Tusubiri tuitwe." Akanipa korosho nyingine.

Wakaniingiza kwenye ile mashine kubwa ya duara, siti skani. Na daktari wetu, mwanamke wa rika langu mwenye miwani, akatuita sote watatu, akawasha picha ukutani. Akaonyesha kwa kalamu. Palikuwa na kitu. Juu ya figo la kushoto, nyuma, upande wa mgongo, kitu cha mviringo.

Bi Esha alisimama akapiga makofi. "Si nilisema! Si nilisema yuko nyuma!"

Sijui kama nitaweza kukueleza nilichosikia dakika ile. Kila nilichoota kilikuwa pale ukutani, kinang'aa. Daktari alikuwa anasema kitezi, uvimbe, homoni inaitwa kotisoli inamwagika mchana kutwa, ndiyo imekujaza uso, imekula misuli, imezuia siku zako, lazima tuukate tuutoe. Nilisikia neno moja tu, kukata. Chuma mgongoni.

"Moyo wake unapiga?" niliuliza.

Daktari hakucheka. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana.

"Uvimbe hauna moyo, dada. Una damu yako tu. Unakunywa kwako."

Nikamwambia sikatwi. Nikatoka, na Bi Esha akatoka nyuma yangu amenishika kiuno, mshindi.

Siku kadhaa baada ya hapo, alasiri, nilikuwa Temeke naswali. Nilisujudu, nikashindwa kuinuka. Salumu aliyekuwa anapita alinishika kwapani aninyanyue, kama alivyokwisha kuninyanyua mara nyingi, bila nguvu yoyote. Ukasikika mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Ulikuwa ubavu wangu. Mifupa ilikuwa imefikia hapo, inavunjika kwa kukumbatiwa. Niliona uso wa Salumu ukibadilika rangi. Alinilaza mswalani akabaki amepiga magoti, mikono yake iliyopasuka kwa chumvi ameiinua hewani, anaogopa kunigusa tena.

Bi Esha alikuja mbio. Salumu alisema bila kumtazama.

"Mama, nisikilize. Kama si mtoto, kitolewe. Na kama ni mtoto, basi ni mtoto anayemla mama yake, mimi simtaki. Mimi nilimuoa Somoe. Namtaka Somoe."

Bi Esha ni mzaliwa wa Kinjumbi, na jambo likimzidi huhamia Kimatumbi, ambacho mimi nakisikia nusu. Alisema mengi. Salumu akamjibu kwa Kimatumbi hichohicho, kwa sauti ya chini, na nilielewa neno moja moja: kufa, na kaburi, na peke yangu. Kisha wakageuka wote wawili, wakanitazama. Wao walikuwa wamekwisha kusema. Lililobaki lilikuwa langu.

Nilifumba macho. Nilimtafuta Riziki mgongoni, nikamkuta, mzito na wa moto. Nikamwambia nisamehe, mama nimechoka. Halafu nikapeleka mkono kwenye fundo la kaniki ya Sudi, nikalifungua. Niliwapa waitoe, maana mimi nisingeweza kujiinua.

Bi Esha aliikunja kaniki mara mbili, mara nne, akaikalia. "Haya," alisema. "Ila wakimtoa, mimi nimwone."

Walinikata ubavuni kuelekea mgongoni. Za thieta sina habari zaidi ya taa na sauti ya mtu akiniuliza Kilwa kuna nini. Nilipozinduka wodini midomo imekauka, aliyekuwa ameketi kando yangu alikuwa Bi Esha. Alikuwa ameonyeshwa. Madaktari wetu huwaonyesha ndugu walichokitoa, na yeye alitangulia mbele ya Salumu, akaomba sahani isogezwe dirishani kwenye mwanga.

"Nimemtazama huku na huku," aliniambia. "Mdogo tu. Wa njano, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Hana jicho, hana kidole." Akalivuta shuka langu kifuani. "Si mtu, mke wa Salumu. Si mtu."

Akaweka pindo la kanga kinywani akalia, nami nikalia, kidogo kidogo kwa sababu ya mshono. Nililia kama aliyefiwa. Mtu asikwambie usilie kwa sababu hakuwako. Alikuwa amenikaa shingoni miezi na miezi, nikimsimulia habari za mji.

Tulipokwisha, alifungua mfuko wake. Alitoa nepi moja, akailowesha, akanifuta uso. Akatoa nyingine akaikunja, akanipa niubane mshono nikikohoa. Zile nepi zote zilitumika juu yangu, mpaka ya mwisho, wodini na nyumbani.

Sasa hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa hiyo naomba usikie. Uvimbe ukitoka, usidhani utarudi nyumbani kucheza ngoma. Mwili uliozoea kulewa homoni ile hunyimwa ghafla, ukabaki umezubaa. Viungo viliniuma kuliko kabla, ngozi ikabambuka kama kitunguu, nywele zikazidi kutoka, nikalala siku nzima bila ndoto hata moja. Nilipewa vidonge vya kumeza kila asubuhi, vya kuushika mwili mpaka kitezi cha upande wa pili kiamke, maana nacho kilikuwa kimelala kwa kukosa kazi. Vidonge hivyo usiviache kwa kuona umepona, wala kwa kuona hujapona. Jirani mmoja alinishauri nivipumzishe kidogo. Nilikaa siku bila kumeza, nikatapika na kulegea mpaka nikabebwa kurudi Lindi kwa dripu.

Ramadhani ilinikuta hivyo, daktari amenikataza kufunga. Niliona haya kula na mji mzima umefunga. Bi Esha, aliyefunga, ndiye aliyenipikia mihogo mchana, akavuta pazia, akakaa upande wa pili wa pazia akiimba kasida kwa sauti ili wapitao wasisikie natafuna. Hilo nitamlipa nini?

Pole pole uso ukaanza kuyeyuka. Kwanza ikarudi taya, kisha shingo. Michirizi ikapauka ikawa ya fedha, ikabaki. Nundu ikashuka. Siku niliyosujudu nikainuka bila kushika kiti, nilisujudu tena kwa hiari, nikainuka tena. Salumu alirudi chumbani kwetu na mto wake kwapani, akauliza kama mkasi uko mbali.

Baada ya kukatwa, Riziki alikuja mara moja tu. Ilikuwa mchana wa kiangazi, nimelala mkekani chini ya mlimau. Tulikuwa kulekule kwenye chumvi, na nikahisi mikono yake inaachia shingo yangu. Aliteremka. Nilimwona kwa nyuma, kisichana chenye gauni nililolishona mimi, akienda zake kwenye ule weupe bila haraka. Sikumwita. Niliamka mgongo mwepesi, na mawimbi ya joto yakicheza juu ya mabati ya jirani, nikakaa nikimtazama kuku akichakura.

Kama nitazaa, sijui. Daktari anasema inawezekana, na neno hilo nalishika bila kulibana. Ninachojua ni hiki kingine, nami nimekuandikia yote haya ili nikifikie.

Msimu wa korosho ulipoingia tena, asubuhi moja niliamka na maumivu ya kiuno niliyokuwa nimeyasahau. Nilikwenda bafuni. Nilipoona, nilikaa chini pale pale kwenye saruji iliyolowa, nikaegemea ukuta. Kisha nikarudi chumbani, nikafungua mkoba, nikazitoa. Uzi ulikuwa umelegea, shanga zenyewe zikiwa nyekundu vilevile kama siku niliyopewa. Nikamwondoa buibui, nikatoa nyeupe, nikatundika nyekundu.

Salumu aliingia kuchukua shati la kazi. Akatupa jicho ukutani kwa mazoea, akaendelea kutafuta shati, akasimama. Alisogea akazishika shanga zile kwa vidole vyake vilivyopasuka, moja moja. Nilidhani atapiga mluzi. Badala yake akafanya jambo ambalo mwanamume wa kwetu hafanyi, na ambalo somo wangu akisikia atanipokonya shanga zote. Alifungua mlango wazi akaita, "Mama! Mama, njoo uone!"

Nilijitupa kitandani nikajifunika kanga gubigubi. Nikasikia ndara za Bi Esha zikija uani, zikapanda kizingiti, zikasimama. Nilisubiri nisikie fagio.

Alipiga vigelegele. Vilianza vibovu, kisha vikafunguka, vikatoka naye nje mpaka uani, vikapita juu ya ukuta. Majirani wakaitana. Nilimsikia Mama Rukia wa nyumba ya pili akija mbio na ndoo inagonga mguu.

"Kuna nini, Bi Esha? Kajifungua?"

"Hapana," Bi Esha alisema, na akavuta pumzi. "Somoe kapona. Mwanangu Somoe kapona."

Nilikuwa bado ndani, nimejifunika uso kwa aibu, na nikalisikia jina langu likivuka ua.